Gari la dizeli lenye tabo limekosa nguvu: tabo iwe ya mwisho kushikwa

"Fundi, gari haivuti." Ndivyo wanavyosema karibu wote. Wa Tandahimba ataongeza kwamba likipakia magunia ya korosho linaomba gia ya pili mahali ambapo zamani lilipanda na ya tatu. Wa Lindi atakwambia alikaa nyuma ya lori njia ya Kilwa mpaka Nangurukuru, kila akijaribu kulipita gari linagoma. Na kabla hujashika spana, mwenye gari ameshakuletea hukumu aliyopewa kijiweni: tabo (turbo) imekufa, agiza nyingine Dar.

Hapo ndipo hela inapopotea. Tabo iliyotumika inaagizwa, inakuja na basi, inafungwa, na gari linabaki vile vile kwa sababu kosa lilikuwa hozi iliyochanika au filta ya dizeli iliyojaa maji. Tabo haina nguvu yake yenyewe. Inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukuma hewa irudi ndani. Mafuta yakipungua, moshi unakuwa dhaifu na tabo inazunguka kivivu. Hewa ikivuja njiani, kazi yake inamwagika. Ekzosi ikiziba, haizunguki inavyotakiwa. Kwa hiyo ukipima presha ukaikuta ndogo, bado hujajua kosa liko wapi. Umejua tu kwamba malalamiko ya dereva ni ya kweli.

Uliza kwanza

Kuna mambo manne ambayo dereva anayajua na mashine ya kupimia haiyajui. Nguvu zilipotea ghafla au zilipungua polepole? Ilianza baada ya nini: kujaza mafuta kituo kigeni, kuosha injini, kubadilisha mkanda wa taimingi, kupita kwenye maji? Tatizo lipo muda wote au likipata moto tu, au kwenye mlima tu? Na la nne, ambalo wengi hawaliulizi: ukizima gari ukaliwasha tena, nguvu zinarudi?

Jibu la swali hilo la mwisho likiwa ndiyo, umeshapunguza kazi sana. Kompyuta ya gari imeona kitu kisicholingana, imekata mafuta ili kuilinda injini, na ukizima inasahau kwa muda mpaka ione tena kosa lile lile. Filta iliyoziba haifunguki kwa kuzima swichi. Gari la namna hii linahitaji kusomwa kodi, yaani namba za makosa zilizowekwa na kompyuta, kabla mtu hajafungua nati yoyote.

Lililopungua nguvu polepole kwa miezi kwa kawaida limeziba mahali: filta, masizi kwenye njia ya hewa, ekzosi. Lililopoteza nguvu mara moja, tena kwa mlio, mara nyingi hozi imetoka au imepasuka. Lililoharibika baada ya kutoka gereji, angalia kile kilichoguswa gereji. Hili la mwisho mafundi hatulipendi, lakini mkanda wa taimingi ukikaa jino moja nje, gari litawaka, litatembea, na litakuwa zito, na hakuna tabo duniani itakayolirekebisha.

Hakikisha injini ndiyo yenye kosa

Magari yanayolala karibu na bahari, Mikindani, Shangani au Msimbati, yana ugonjwa wa breki kukaba. Chumvi inakula pistoni za kalipa, kile kinachobana pedi, na pini zake, pedi zinabaki zimeshika diski, na dereva anahisi gari limekosa nguvu. Tembea kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama taratibu, halafu sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuishika. Moja ikiwa na joto kupita wenzake, umepata. Pia weka nyutro kwenye tambarare ukiwa na mwendo mdogo: gari zuri linaserereka, lenye breki zilizokaba linasimama kama limevutwa kamba.

Klachi nayo inadanganya. Weka gia ya nne ukiwa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukiruka huku spidi ikibaki pale pale, injini inafanya kazi yake na klachi inateleza. Harufu itathibitisha. Angalia pia kapeti ya miguuni kama haiizuii pedeli kufika mwisho. Ni jambo la kuchekesha mpaka likukute.

Na kuna kisingizio kimoja nataka nikifute. Watu husema gari limechoka kwa sababu Newala ni juu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo uwanda wa Makonde, ilipo Newala, unaipunguzia kidogo tu. Yenye tabo ilitengenezwa kulifidia hilo hilo. Gari lako la tabo likilegea kwa kupanda kwenda Newala, milima ya huko haina kosa.

Sasa tazama moshi

Mweke mtu nyuma kwa gari lingine, au tumia kioo, wakati gari likivuta mzigo kwa gia ya tatu na pedeli ikiwa chini. Kupiga resi gari likiwa limesimama hakusaidii sana, maana bila mzigo tabo haijengi presha ya kutosha kuonyesha kosa. Tahadhari moja: gari lenye DPF, yaani chujio la masizi kwenye ekzosi, halitoi moshi mweusi hata likiwa na njaa ya hewa, kwa sababu chujio linaumeza wote. Kwa gari hilo, tegemea mashine.

Moshi mweusi maana yake mafuta yameingia mengi kuliko hewa iliyopo ya kuyaunguza. Watu wakiuona hukimbilia nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda. Mimi naanza na hewa, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu barabara zetu zina vumbi. Ukishatoka kwenye lami upande wa Tandahimba wakati wa kiangazi, au ukizunguka vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, filta ya hewa haiwezi kukaa muda ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Itoe, ishike kwenye mwanga. Usipoona mwanga kwenye mikunjo ya karatasi, imekwisha. Wengi huipuliza kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, na hapo wanalisukuma vumbi lipenye karatasi. Pulizia kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, na hata hivyo si mara nyingi. Filta iliyolowa maji usiipulizie, itupe. Mei 2024, mafuriko yalipoikata barabara kule Somanga, kulikuwa na magari mengi yaliyopita kwenye maji marefu. Karatasi ikishalowa inavimba na kuziba hata ikikauka.

Usijaribu gari bila filta "kuona kama litavuta". Bawa la tabo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na chembe ya mchanga kwenye mwendo huo inakula ncha zake. Nunua filta mpya, jaribu, basi.

Kati ya filta na tabo kuna hozi laini ya mpira. Ikizeeka kwa joto na mvuke wa oili inakuwa teketeke, na injini ikivuta kwa nguvu inajikunja na kubana njia. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, hozi inaonekana nzima kabisa. Mwambie mtu apige resi kwa ghafla huku wewe unaitazama.

Baada ya tabo ndipo pana kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote: hewa inayovuja ikiwa tayari imesukumwa. Tabo inasukuma hewa kwenda intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, kisha kwenye manifoldi inayoigawa kwa silinda, na kila kiungo kina klipu. Kwenye magari mengi hewa hupimwa na sensa iliyo karibu na filta. Kompyuta inahesabu hewa iliyopita pale na kumwaga mafuta ya kuitosha. Hewa ikitokea mbele kwenye mpasuko, mafuta yanabaki bila hewa yake, nawe unaona moshi mweusi na gari halivuti. Kosa dogo, dalili kubwa.

Sikiliza mlio wa "fyuuu" unaopanda na mafuta. Pitisha kidole chini ya kila kiungo: ndani ya mabomba haya huwa kuna utando mwembamba wa oili, ambao ni wa kawaida, na penye uvujaji oili hiyo inatoka nje na kunasa vumbi. Doa jeusi lenye vumbi chini ya klipu ni ushahidi mzuri. Lakini usitosheke na macho. Kuna mpasuko unaojifungua tu presha ikiingia, tena upande wa chini wa hozi ambako tochi haifiki. Msimu mmoja wa korosho ililetwa pikapu iliyokuwa imeshabadilishiwa nozeli na filta zote. Ilipanda vizuri ikiwa tupu na kugoma ikipakiwa. Kosa lilikuwa hozi ya chini ya intakula, imechanika kwenye mkunjo kama mdomo uliofumbwa.

Kipimo cha uhakika ni cha bei rahisi. Tengeneza kifuniko cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye hozi ya kabla ya tabo, ukiweka ndani yake valvu ya tairi. Injini ikiwa imezimwa, ingiza hewa kidogo kidogo, nusu bar inatosha kuonyesha karibu kila uvujaji, usipite bar 1. Mwagia maji ya sabuni kwenye viungo, hozi na pembe za intakula, hasa pale plastiki inapokutana na alumini. Mapovu yatasema. Hewa kidogo ikienda kwenye injini kupitia valvu zilizo wazi usishtuke, utaisikia kwenye mfuniko wa oili.

Hozi iliyopasuka haifungwi na utepe. Ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokazwa vizuri unaweza kukufikisha Masasi kutoka Nangomba ukienda polepole, lakini hiyo ni kukufikisha tu. Na intakula iliyojazwa nyasi na matope kwenye mapezi yake haivuji ila inapeleka hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Iiogeshe kwa maji ya presha ndogo, ukifuata mapezi yasijikunje.

Hewa ikiwa safi na hakuna uvujaji, nenda kwenye valvu ya EGR. Kazi yake ni kurudisha kiasi fulani cha moshi kwenye njia ya hewa ili kupunguza gesi chafu. Ikinasa ikiwa wazi, injini inavuta moshi mahali pa hewa safi: moshi mweusi, sailensa ya kutetemeka, nguvu chini. Ivue, utakuta masizi yaliyogandamana na oili mazito kama lami, na kwenye baadhi ya magari manifoldi yenyewe imebaki na tundu nusu ya ukubwa wake. Safisha vyote viwili, kusafisha valvu peke yake ni nusu ya kazi. Wanaoiziba kwa kipande cha bati wanapata nafuu kwenye magari ya zamani. Kwenye ya kompyuta kodi P0401 inawaka, na baadhi ya magari yanajikatia nguvu, kwa hiyo umerudi ulikotoka.

Bado moshi mweusi? Hapo sasa nozeli zina haki ya kushukiwa: inayochuruzika badala ya kunyunyiza haiunguzi mafuta vizuri. Lakini nakuomba usiitoe nozeli kabla hujamaliza hewa.

Ekzosi iliyoziba inatoa dalili inayofanana, ila ina tabia yake: gari linavuta kidogo mwanzoni, kisha mizunguko ikipanda linakwama kama mtu anayejaribu kupumua akiwa amezibwa pua, na chini ya gari kunakuwa na joto lisilo la kawaida. Kataliti ikivunjika ndani, vipande vinaziba bomba. DPF nayo inahitaji safari ndefu ya moto ili ichome masizi yake, na gari linalozunguka Mtwara mjini sokoni na nyumbani halipati safari hiyo. Legeza kiungo cha mbele cha ekzosi kidogo kisha jaribu. Makelele yatakuwa mengi, lakini nguvu zikirudi umepata jibu. Fanya hivyo kwa mwendo mfupi tu, mbali na nyaya na hozi za plastiki.

Halina moshi na halina nguvu

Hili ni kundi jingine. Moshi usipokuwepo na gari likawa zito, ama mafuta hayafiki ya kutosha, ama kompyuta inayanyima kwa makusudi.

Filta ya dizeli kwanza. Sitaki kujua ilibadilishwa lini, nataka kuiona. Vijijini dizeli hununuliwa kwenye madumu na mapipa, inamiminwa kwa faneli isiyo na chujio, na unyevu wa pwani unageuka kuwa maji ndani ya tangi lililo nusu tupu. Fungua skrubu ya chini ya filta, mwaga kwenye chupa inayoona ndani, subiri. Maji yatashuka chini, uchafu mweusi au wenye utelezi utakaa katikati ya maji na dizeli. Ukiona hivyo, filta mpya peke yake haitadumu. Tangi lishushwe lioshwe.

Zamani dizeli ilichanganywa sana na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya bei. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka kinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, kwenye mafuta, na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, faida ya mchezo huo ikapungua. Dizeli ya namna hiyo, ukikutana nayo, inapunguza nguvu kidogo, ila hasara kubwa ni kwamba haina ulaini wa kuilinda pampu.

Halafu fungua mfuniko wa tangi gari likiwa limeanza kulegea. Likivuta hewa kwa sauti na baada ya hapo nguvu zikarudi, tundu la kupumulia tangi limeziba. Nyigu wa udongo hupenda sana vijibomba vya namna hiyo kwa gari lililokaa. Dakika tano za waya mwembamba zinaokoa mtu kununua pampu.

Kuna hewa inayoingia pia kwenye bomba la kuvuta mafuta. Kwa magari yanayovuta dizeli kwa pampu ya injini, kiungo kilicholegea hakivujishi dizeli nje, kinavuta hewa ndani. Weka kipande cha bomba linaloona ndani kabla ya pampu, tazama mapovu injini ikifanya kazi. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta ikijibana chini na kubaki hivyo, kuna kizuizi upande wa tangi. Kipimo ninachokiamini zaidi: chukua dumu safi lenye dizeli safi, lifunge imara mbali na joto la ekzosi, peleka bomba la kuvuta moja kwa moja kwenye filta na bomba la kurudisha humo humo, jaribu gari. Likivuta, kosa lipo kati ya tangi na filta, na pampu kubwa imeokolewa.

Kwa injini za presha kubwa za kisasa, zile ambazo mafuta yote yanakusanywa kwenye bomba moja kabla ya nozeli, unahitaji mashine yenye uwezo wa kuonyesha namba wakati gari linatembea. Tazama presha inayotakiwa na presha iliyopo. Zikienda pamoja, mafuta hayana kesi. Iliyopo ikibaki nyuma kila ukikanyaga, kodi P0087 itakuja, na washukiwa ni watatu: filta, valvu ya SCV iliyo kwenye pampu (inayopima mafuta yanayoingia humo), au nozeli zinazorudisha mafuta kupita kiasi. SCV mbovu ina dalili ya ziada, sailensa inapanda na kushuka yenyewe, na wakati mwingine gari linazima ukiachia mafuta. Nozeli zipime kwa chupa ndogo kwenye vijibomba vya kurudisha, zote kwa muda mmoja. Inayojaza chupa mapema kuliko wenzake ndiyo inayomwaga presha.

Hapa niseme kwa ukali. Kwenye injini za zamani fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli injini ikiwa inawaka ili ajue silinda iliyolala. Kwenye hizi za kisasa usithubutu. Presha inapita bar 1,000, na mnyunyizo wake unapenya ngozi bila wewe kuhisi maumivu makubwa. Kidonda kinaonekana kama mchomo wa sindano, na ndani dizeli inaozesha nyama. Ikitokea, usisubiri kesho, nenda hospitali, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, saa hiyo hiyo na uwaambie ni mafuta ya presha.

Mafuta yakiwa sawa na moshi haupo, rudi kwenye sensa ya hewa. Ikichafuka inasoma hewa kidogo kuliko iliyopo, kompyuta inamwaga mafuta kidogo, gari linakuwa safi na dhaifu. Isafishe kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, iache ikauke. Brashi na kitambaa vinaikata.

Sensa ya presha ya manifoldi ina kipimo cha bure ambacho wachache wanakitumia. Swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa na injini imezimwa, inatakiwa isome hewa ya kawaida: Mtwara au Lindi mjini, usawa wa bahari, karibu kilopaskali 100 au 101. Newala itasoma karibu 93. Ikikwambia 80 au 120 injini ikiwa imelala, usiamini chochote itakachosema ikiamka. Ikiwa sahihi, endesha kwa gia ya tatu na mzigo. Magari mengi hufika kati ya 180 na 230.

Moshi mweupe na wa bluu

Mfupi tu. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua: taimingi, nozeli, au kompresheni. Mweupe wenye harufu tamu huku maji ya rejeta yanapungua ni gasketi ya silinda hedi, simamisha gari. Bluu ni oili. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwa sailensa: mvuke mwepesi ni kawaida, ila ukipuliza kwa nguvu kama mdundo, ringi zimechoka na hesabu inakuwa ya injini nzima.

Tabo yenyewe

Umefika hapa bila jibu, sasa shika tabo. Injini iwe baridi, vua hozi ya mbele yake. Tazama mabawa: ncha ziwe kali na zilingane. Zungusha kwa kidole, izunguke bila kukwaruza. Mtikisiko mdogo wa juu na chini upo hata kwenye nzima, kwa sababu ekseli yake huelea kwenye oili. Inayotakiwa isiwepo kabisa ni ile ya kuvuta na kusukuma. Mabawa yakigusa nyumba yake, imekwisha.

Mara nyingi zaidi ekseli ni nzima na kinachogoma ni kinachoiongoza. Tabo zenye mabawa ya kubadilika upande wa moshi hunasa kwa masizi. Kwa zinazoendeshwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, washa injini na uangalie kijiti cha mkono wake: kivutwe mara moja na kibaki, ukizima kirudi taratibu bila kukwama. Kisipovutwa, chomoa bomba dogo uweke kidole. Lisipokifyonza, fuata mabomba ya mpira mpaka kwenye pampu ya vakyumu, yanapasuka kwa joto. Ukikuta pedeli ya breki nayo imekuwa ngumu siku hizi, pampu hiyo ndiyo inayokuita. Kodi P0299 inasema tu kwamba presha ni ndogo kuliko inayotakiwa, na kila nilichokitaja hapo juu kinaweza kuileta. P0234 inasema imezidi, na hapo mabawa yaliyonasa ni mshukiwa mkubwa.

Ikithibitika imekufa, jua kilichoiua kabla ya kufunga nyingine. Kwenye injini za 1KD za Toyota, kwa mfano, gasketi za shaba za nozeli zikivuja, moshi unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la kuvutia oili lililo ndani ya kata (bakuli la oili chini ya injini), na tabo inakuwa ya kwanza kufa kwa ukame, mpya itaifuata. Kwa hiyo: shusha kata ulitazame chujio, badilisha oili na filta yake, badilisha au fungua kabisa bomba la kupeleka oili kwenye tabo, hakikisha la kurudisha halijakunjika. Vua intakula, mwaga oili yote na utafute humo vipande vya bawa la zamani, maana kipande kimoja kikiingia kwenye silinda gharama ya tabo utaiona ndogo. Jaza oili kwa mkono kwenye tundu la tabo mpya, zungusha injini bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime, kisha iwashe uiache sailensa dakika chache bila kuigusa resi. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, injini ikipoa, pitia klipu zote uzikaze tena. Hozi ikishapata moto hujikalia na klipu hulegea.